Nyumba Iliyoezekwa na Wajane

Kwako Mama, ulalaye chini ya milima ya Matogoro,

Shikamoo.

Najua hukujifunza kusoma, na huko uliko barua haifiki. Naiandika hata hivyo, na naiandika wazi, aisome yeyote apendaye, kwa sababu moja. Kosa nililokutendea nililitenda mchana, mbele ya majirani. Si haki basi nikuombe radhi kwa siri. Ulinifundisha mwenyewe kwamba aliyemwaga uji barazani asiende kufagia uani.

Wiki iliyopita waliibomoa shule. Wewe hukuiita shule hata siku moja. Uliiita "lile jengo". Habari zake nitakueleza mbele katika barua hii. Lakini siwezi kulitaja bila kuanza na nyumba yako, maana lilisimama juu yake.

Mimi naikumbuka nyumba ile tangu shimo la kwanza la nguzo. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha. Baba alikuwa amenyongwa Bomani, hapa Songea, pamoja na wenzake wengi, na sisi tulikuwa tumerudi kutoka porini tulikojificha, tukakuta kijiji ni majivu. Vihenge vya mahindi vilikuwa vimechomwa na ng'ombe wamechukuliwa. Watu walichimba mizizi ya ming'oko porini, na walioikosa walikufa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na magoti yangu yalikuwa manene kuliko mapaja yangu.

Kwetu, kukata miti na kuezeka kulikuwa kazi ya wanaume, na kukandika udongo kulikuwa kazi ya wanawake. Mwaka ule wanaume wa kuezeka hawakuwapo. Mlikuwa wajane sita katika mtaa mmoja. Mlikaa chini ya anga tupu siku kadhaa mkingojea jamaa wa kiume atokee mahali fulani, na hakutokea yeyote. Ndipo ulipoinuka ukasema, "Nyasi hazijui kama anayezifunga ana ndevu." Ukafunga nguo yako kiunoni, ukapanda.

Jirani yetu, yule aliyebatizwa baadaye akaitwa Sekunda, alipanda hadi kileleni, kwa kuwa alikuwa mwepesi kuliko ninyi nyote. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mkongojo wake alisimama, akaziba macho kwa kiganja.

"Enyi wanawake, shukeni. Paa halipandwi na mwanamke."

"Basi panda wewe, babu," Mama Sekunda akamjibu kutoka juu. "Sisi tutakushikia mkongojo."

Mlicheka, Mama. Hata mzee alicheka, akaondoka huku akitikisa kichwa. Kilikuwa kicheko cha kwanza nilichokisikia tangu vita.

Nyumba ilikuwa msonge kama misonge mingine, ila paa lake halikukaa sawa. Mikono yenu haikuwa imezoea kazi hiyo, na kilele kiliegemea upande wa machweo. Waliopita njiani waliiita "kofia ya mlevi". Miaka michache baadaye, wanaume wachache waliporudi mjini, mmoja alijitolea kuunyosha ule upogo. Ulikataa. "Mvua ngapi zimenyesha?" ulimwuliza. "Mlevi huyu hajalowa hata mara moja. Mwache alivyo."

Kuta mlizikandika kwa mikono, na udongo ulipokuwa bado mbichi mliupiga chapa kwa vifundo vya vidole, safu juu ya safu, kuanzia chini mpaka ukingoni mwa paa. Kila mjane alikuwa na sehemu yake ya ukuta na chapa yake. Nikipitisha mkono gizani niliweza kujua hapa ni kwa Mama Sekunda, hapa ni kwako. Chapa zako zilikuwa na shimo moja la kina kuliko mengine, kwa sababu ya kile kidole chako kilichovunjika ukiwa msichana.

Na mlango wako ulikuwa mfupi. Uliutaka hivyo. Mtu mzima hakuweza kuupita bila kuinama. Askari wa Boma alipokuja kuhesabu watu wa kazi, alikunja mgongo wake na bunduki yake, kofia ikagonga juu ya mlango ikamwangukia miguuni. Alipotoka uliniambia polepole, "Umemwona? Kila aingiaye kwangu ataingia ameinama. Na yeye hajui."

Sasa nafika kwenye mkeka.

Ulikuwa umekwenda Bomani kuomba mwili wa Baba. Askari wa langoni, ambaye nadhani hakuwa mtu mbaya, alikuambia, "Rudi nyumbani, mama. Wamo wote katika shimo moja. Utamjua vipi wako?" Ulirudi. Kesho yake uliwaita wajane watano wakaja. Ulitandika mkeka wa Baba, ule aliokuwa akilalia. Juu yake ukaweka kibuyu chake kidogo cha ugoro, chenye shingo iliyozungushiwa waya wa shaba. Ukaukunja mkeka, ukaufunga kwa kamba za magome mahali patatu: pa kichwa, pa kiuno na pa miguu. Ukaniita. "Chimba hapa," ulisema, "karibu na nguzo ya kati."

Nilichimba. Nilikuwa dhaifu kwa njaa na nilipumzika mara nyingi, lakini hukumruhusu mtu mwingine alishike jembe. Wajane walilia kama watu waliavyo msibani. Mlinyoa nywele. Shimo lilipofukiwa ulikandika sakafu juu yake, ukanawa mikono, ukasema, "Sasa mume wangu ana kaburi, na mimi nina mahali pa kukaa." Sijui kama hiyo ilikuwa desturi ya kale au mliizua ninyi. Najua kwamba mwaka ule si wewe peke yako uliyezika mkeka.

Baadaye wamisionari walinipeleka shuleni. Uliniruhusu kwa sababu huko walikuwa na chakula. Mwalimu wangu wa lugha alikuwa mtu mkali. Alituchapa kwa neno lililokaa mahali pasipo pake, na alitufundisha kwamba kila kitu kina jina lake moja, na kwamba mwongo ni yule anayekipa kitu jina la kitu kingine. Nilimpenda mwalimu yule. Nilikuwa mtoto niliyeona kila kitu kikichomwa, na yeye alinipa kitu kisichoungua. Nisiseme uongo katika barua hii: nilimwamini kuliko nilivyokuamini wewe.

Miaka sita baada ya vita nilipata kazi kwa bwana mpimaji wa Serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane, mwenye shati jeupe, na majirani walikupongeza. Kazi yangu ilikuwa kushika kamba ya vipimo, kuandika, na kufasiri maneno ya wenyeji, kwa sababu bwana alijua Kiswahili kidogo na Kingoni hakukijua kabisa. Ilikuwa imeamriwa kwamba itengenezwe barabara nyoofu kutoka Bomani hadi sokoni. Misonge yote iliyokaa njiani ivunjwe, na pembeni zijengwe nyumba za pembe nne, zimepangwa mstari mmoja kama askari. Misonge ilikuwa imekaa kama watu wanaozungumza, mmoja amemgeukia mwenzake. Bwana mpimaji alikereka alipoiangalia. "Mji gani huu?" alisema. "Hauna mbele wala nyuma."

Siku ya pili tulifika kwenye kaburi la mzee wa Kiyao aliyekuwa amekuja na biashara kutoka upande wa Tunduru akafia Songea. Wanawe walikuwa wamesimama mbele ya kaburi wamevaa kanzu safi. Mkubwa wao alisema kwa adabu, "Bwana, hapa amelala baba yetu." Bwana mpimaji alivua kofia. Aliamuru vigingi vihamishwe hatua nne, barabara ikapinda kidogo. Tulipokwisha kupita aliniambia, "Watu hawa ukiwavunjia nyumba watanung'unika tu. Ukigusa kaburi watachukua mikuki tena. Serikali haitaki vita vingine."

Habari ile ilifika mtaani kabla yetu. Nilijua imefika, kwa sababu siku ya nne, tulipokaribia nyumba yako, nilikukuta umeketi mlangoni umevaa kaniki, nguo uliyoivaa wakati wa matanga. Kamba ilipita juu ya ukuta wako. Hatua mbili, Mama. Hatua mbili tu upande wa pili, na nyumba ingesimama.

Bwana mpimaji hakujua kuwa wewe ni mama yangu. Mimi sikumwambia. Sikumwambia asubuhi ile, wala siku zilizotangulia, kwa kuwa niliona haya ya paa lililopinda.

"Mwambie," ulisema kwa Kingoni, ukinitazama mimi na si yeye, "humu pana kaburi."

"Anasema nini mwanamke huyu?"

"Anasema pana kaburi la mume wake, bwana."

"Ndani ya nyumba? Mume wake alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Alinyongwa, bwana."

"Walionyongwa wamezikwa Bomani. Wote. Hilo nalijua." Alijifuta jasho shingoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka na jua. "Sasa sema wewe uliyesoma. Nitaandika utakalosema. Humu pana maiti, au hapana?"

Nilikuwa na muda wa kutosha. Watu hudhani mambo kama haya hutokea ghafla, mtu akateleza ulimi. Mimi sikuteleza. Nilikumbuka shimo, nikakumbuka jembe, nikakumbuka fundo la kichwa, la kiuno na la miguu. Kisha nikamkumbuka mwalimu wangu na jina moja la kila kitu.

"Hapana, bwana," nilisema. "Pana mkeka tu."

Nilisema kwa Kiswahili, na Kiswahili cha kiasi hicho ulikijua. Mama Sekunda, aliyesimama uani kwake, alikijua pia, na majirani wote waliokuwa wametoka kutazama. Bwana mpimaji aliandika. Mimi niliyeogopa kusema uongo, nilikuwa nimeuficha ukweli mmoja tangu asubuhi, kwamba mwanamke yule ndiye aliyenizaa. Huo haukunisumbua. Kilichonisumbua kilikuwa mkeka usije ukaitwa maiti.

Kisha ukaniambia kwa Kingoni, bila kuinua sauti, "Kamba moja ilimchukua baba yako. Hii nyingine umeishika wewe." Ukageuka, ukainama, ukaingia ndani.

Mlipewa siku mbili. Mama Sekunda alikuja na jembe begani.

"Dada, tuutoe tuuhamishe. Mimi nitachimba."

"Tuhamishe nini?" ulimwuliza. "Msomi amesema hamna kitu."

"Wewe na yeye nani alikuwapo?"

"Wote wawili tulikuwapo," ulisema. "Hilo ndilo baya."

Hukuutoa. Ulibeba vyungu, kinu na ngozi ya kulalia, ukaketi upande wa pili wa njia pamoja na wajane wenzako. Wafanyakazi walifunga kamba kwenye nguzo ya kati wakavuta. Mimi nilisimama karibu na bwana mpimaji na daftari langu. Nilitarajia kishindo, lakini paa lilishuka polepole, zima zima, likakaa chini likiwa bado limeegemea machweo. "Mlevi ameanguka," alisema Mama Sekunda. Hakuna aliyecheka. Kisha walizipiga kuta kwa majembe, na nikaona safu za vifundo vya vidole zikimeguka, zako na zao, mpaka ikawa haiwezekani kujua zipi ni za nani.

Barabara ilichukua ukingo tu, na juu ya sehemu iliyobaki palijengwa jengo la matofali ya kuchoma. Nililisimamia likijengwa, kwa hiyo nalijua. Udongo wa vigae vya paa ulitoka bondeni kwenye mto Luhira, na wanawake mlilazimishwa kuubeba vichwani na kuufinyanga. Lilikuwa na baraza yenye matao saba, mbao nene kutoka Matogoro, na milango mirefu ambayo mtu angeweza kupita amebeba mtu mabegani. Kwanza lilikuwa ghala. Wadachi walipoondoka na Waingereza kuingia, likawa shule, na mimi nikawa mwalimu wake miaka arobaini.

Wewe ulihamia chini ya Matogoro, ukajenga nyumba ya pembe nne kama ilivyoamriwa. Hukunifukuza. Nilipokuja ulinipa kiti na chakula, na mchuzi wako haukupungua chumvi. Lakini hukuniita tena kwa jina. Tangu siku ile ya kamba mpaka unakufa, uliniita msomi, na nilipoanza kufundisha, mwalimu. "Karibu, mwalimu." "Kula, mwalimu." Wageni walidhani unajivunia mwanao. Mimi na wewe tulijua.

Siku moja ya masika ulikuja sokoni, mvua ikakukuta, ukasimama chini ya tao la mwisho la shule. Nilitoka darasani.

"Ingia, Mama, unalowa."

Uliutazama mlango kuanzia chini hadi juu. "Huu ni mrefu mno kwangu, mwalimu," ulisema. "Sijui nitainamia nini." Ukaifuata mvua.

Kuna jambo ambalo sikukuambia, na nalijutia kama lile la kwanza. Nilijua ule mkeka uko wapi. Nilikuwa nimepima mimi mwenyewe. Ulikuwa katika darasa la mbele, kati ya dirisha la pili na mlango. Katika miaka arobaini sikuruhusu dawati liwekwe pale. Wanafunzi walibanana wanne wanne pande zote, na katikati palikuwa peupe. Waliokuja upya waliuliza, na wenyeji wakawajibu, "Pale ameketi mwanafunzi wa mwalimu asiyeonekana. Ndiye peke yake ambaye hajawahi kuchapwa." Nilijifanya sisikii. Kila asubuhi kabla hawajaingia, nilisimama kando ya mahali pale kwa muda, nimevua kofia. Kama ningekuambia hayo, huenda ungeingia. Sikukuambia, kwa sababu kukuambia kungekuwa kukiri kwamba nilijua, na kwamba siku ile pia nilijua.

Ulipokuwa mgonjwa wa mwisho nilikaa kando ya kitanda chako siku tatu nikiyatafuta maneno. Mtu niliyewafundisha watu maneno. Siku ya tatu ulifumbua macho ukasema, "Mwalimu, nigeuze upande wa pili." Nikakugeuza. Hukusema tena.

Basi sasa wamekuja wengine, Mama, na mstari mwingine. Panajengwa ghorofa yenye maduka chini na ofisi juu. Mji umekua, mabasi yanatoka Songea kwenda kila upande, na watu wanasema jengo la zamani linaziba mahali pazuri. Hawasemi uongo. Lilikuwa na nyufa, na popo walikuwa wengi darini kuliko wanafunzi darasani. Jengo lile kwanza nililichukia, kisha nikalizoea, kisha nikalipenda. Ilichukua maisha yangu yote kufika hapo. Tena sikuweza kuwaeleza hayo wanaoninyamazisha kwa kusema, "Babu, hilo ni la mkoloni, unalililia nini?" Ni la mkoloni, ndiyo. Lakini walipoanza kushusha vigae niliokota kimoja, nikakigeuza. Chini yake palikuwa na safu za vidole. Aliyekifinyanga alikuwa amekipiga chapa kwa vifundo, udongo ukiwa mbichi, kama mlivyopiga kuta zenu. Niligeuza vigae vingi siku ile, nikitafuta chenye shimo moja la kina kuliko mengine. Sikukipata.

Lakini nimeruka jambo. Kabla ya kushusha vigae, mhandisi alikuja nyumbani kwangu. Ni kijana mwenye adabu. Baba yake nilimfundisha kuandika.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Babu, wamesema wewe ndiye mkubwa kuliko wote hapa. Kabla hatujavunja lazima tuwaulize wenyeji." Alifungua daftari lake juu ya goti. "Mahali pale pana kaburi?"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka chini. Zaidi ya miaka sitini nimelisikia swali hilo usingizini, na kila mara nilijibu vizuri, halafu nikaamka.

"Lipo," nilisema.

Nami nakiri kwamba nilitumaini. Nilimwona yule bwana mpimaji akivua kofia, nikaviona vigingi vikihamishwa hatua nne. Nilidhani neno ambalo lingeiokoa nyumba yako litaiokoa shule.

"Sawa, babu," alisema kijana, akaandika. "Tutalihamisha kwa heshima. Ndugu watapewa siku mbili."

"Na jengo?"

"Jengo linavunjwa, babu. Ramani imekwisha kupitishwa."

Zamani kaburi lilihamisha barabara. Siku hizi ghorofa huhamisha kaburi. Neno lilikuwa lile lile, Mama, ila nilikuwa nimelitunza mpaka nguvu zake zimekwisha.

Nilikwenda na jembe langu. Wafanyakazi waliniona nikivua koti, wakaanza.

"Babu, tuachie. Ukianguka hapa tutaulizwa sisi."

"Wewe hujui pa kuchimba," nilimwambia.

"Na wewe utajuaje, babu, ulikuwapo?"

"Nilikuwapo. La kwanza nililichimba mimi."

Walinivunjia saruji kwa nyundo, kisha wakanipisha, nami nikachimba nikipumzika mara nyingi, kama ile mara ya kwanza. Udongo wa juu ulikuwa mwekundu. Chini yake ukatokea mweusi, laini, urefu wa mtu. Hapakuwa na mkeka tena, wala kibuyu. Kwenye upande wa kichwa nilipata duara ndogo ya waya, ya kijani kibichi. Niliisugua kwa kidole, ikatoa rangi ya shaba.

Mhandisi alichuchumaa ukingoni mwa shimo. Alitazama waya, akanitazama.

"Babu, samahani. Mifupa iko wapi?"

"Hakuna mifupa."

"Sasa," aliuliza kwa upole, kalamu mkononi, "niandike nini?"

Ni swali lile lile, Mama. Jua lilikuwa lile lile, na watu walikuwa wamesimama wakitazama.

"Andika kaburi," nilisema. "Ni la baba yangu. Mwanamke aliyemzika hapa alikuwa mama yangu."

Aliandika.

Mjukuu wa Mama Sekunda, ambaye ana jina la bibi yake na ulimi wa bibi yake, alileta mkeka mpya, tukaweka ndani yake ule waya na konzi ya udongo mweusi. Aliniuliza tuufunge mahali pangapi, nikamwambia patatu. Alipomaliza alisema, "Babu huyu ni mwepesi. Ningejua ningemleta mgongoni." Tulicheka kidogo, tukaona aibu, tukacheka tena. Kisha tukaja kwako.

Nimemlaza upande wako wa kulia. Juu yenu nimeweka kigae kimoja, chapa za vidole zikiangalia juu. Kaburi lilikuwa la kina na nilitaka kuuweka mkeka kwa mikono yangu mwenyewe, bila kuutupa wala kuushusha kwa kamba. Kwa hiyo nilipiga magoti, nikainama mpaka paji la uso likagusa udongo. Nilikaa hivyo kwa muda mrefu, hata watu wakadhani nimezimia. Sikuzimia. Nilikuwa nikiingia nyumbani kwako.

Leo asubuhi nimepita mahali pale. Hapana tao, hapana nguzo, hapana nyumba yako wala lile jengo. Pana vigingi na kamba, na kijana mmoja aliyeishika. Nilimwamkua, akanijibu vizuri, akaendelea na kazi yake.

Mama, nimechelewa kujibu, lakini nimejibu. Lala na mumeo. Siku nitakapokuja, kama bado una neno la kuniambia, niite kwanza kwa jina langu.

Mimi mwanao, si mwalimu.